Katharine Blodgett na utando wa kuzuia mng'ao kwenye miwani ya mtoto wako

Unapompeleka mtoto kutengenezewa miwani, huenda muuzaji akakuuliza swali usilolitarajia: unataka lenzi za kawaida, au zenye utando wa kuzuia mng'ao? Zenye utando bei yake iko juu. Ukizielekeza kwenye taa na kuzigeuza kidogo, utaona rangi ya kijani au zambarau ikipita juu yake. Wazazi wengine hulipa bila kujua wanalipia nini. Wengine hukataa wakidhani ni pambo tu. Wapo pia wanaolipa, kisha baada ya miezi michache wakaona lenzi ya mtoto imepata ukungu usiofutika.

Ili uelewe utando huo, inafaa umjue mwanasayansi aliyeufanya ujulikane. Jina lake ni Katharine Burr Blodgett, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898. Maisha yake yanaonyesha jambo ambalo hata leo linakuhusu wewe mlezi: kuzuia mng'ao kwenye kioo kunawezekana, lakini kuufanya utando udumu ni kazi nyingine, na sehemu ya kazi hiyo iko mikononi mwako.

Mtoto aliyezaliwa baba akiwa ameshafariki

Katharine alizaliwa tarehe 10 Januari 1898 katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Baba yake, George Blodgett, alikuwa mwanasheria katika kampuni ya umeme ya General Electric. Kazi yake ilikuwa kusimamia hataza, yaani hati zinazolinda haki za wavumbuzi. Wiki chache kabla Katharine hajazaliwa, mwizi aliingia nyumbani kwao usiku na kumpiga baba huyo risasi. Alifariki, akamwacha mke mjamzito na mtoto mdogo wa kiume.

Mama yao, ambaye naye aliitwa Katharine, aliwalea peke yake. Hakuwa fukara, kwa kuwa mume aliacha akiba, na aliamua kuitumia kuwapa watoto elimu na upeo wa dunia. Aliwahamishia jiji la New York, kisha Ufaransa, na binti akajua Kifaransa tangu utotoni. Waliporudi Marekani alimwandikisha katika shule nzuri, wakati ambapo familia nyingi hazikuona haja ya kumsomesha msichana sayansi.

Akiwa na miaka 15, Katharine alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Huko alipenda hisabati na fizikia, na alihitimu mwaka 1917.

Kuingia maabara

Katika likizo ya mwaka wake wa mwisho chuoni, Katharine alikwenda Schenectady kuwaona watu waliofanya kazi na baba yake. Walimtembeza katika maabara ya utafiti ya kampuni hiyo, na hapo akakutana na mwanakemia Irving Langmuir. Langmuir aliona kipaji chake, lakini akamshauri asome zaidi kabla ya kuomba kazi.

Alifuata ushauri huo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago akasoma jinsi mkaa unavyonasa gesi za sumu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na askari walihitaji barakoa za kuwakinga na gesi hizo. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1918, akiwa na miaka 20. Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye maabara ya Schenectady, mwanasayansi wa kwanza mwanamke kufanya kazi pale.

Baada ya miaka kadhaa, Langmuir alimsaidia kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwenye maabara iliyoongozwa na Ernest Rutherford. Mwaka 1926 Katharine akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika chuo hicho. Kisha akarudi kazini Schenectady.

Maji ya kuoshea vyombo

Kazi aliyopewa aliporudi ilihusu kitu unachokiona kila siku jikoni: mafuta yanayoelea juu ya maji. Ukidondosha tone dogo la mafuta kwenye beseni la maji, linatanda na kuwa utando mwembamba mno. Utando huo unaweza kuwa na unene wa molekuli moja tu.

Aliyefungua njia ya kuupima utando wa namna hiyo alikuwa mwanamke mwingine, Agnes Pockels wa Ujerumani. Wakati wa ujana wake vyuo vikuu vya kwao havikuwapokea wanawake, naye alibaki nyumbani akiwahudumia wazazi wake wagonjwa. Alipokuwa akiosha vyombo aliona kwamba grisi na sabuni hubadilisha ngozi ya juu ya maji. Akatengeneza karai la bati lenye kipande cha kusogeza, akaanza kupima. Mwaka 1891 alimwandikia mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, ambaye alisaidia barua hiyo ichapishwe katika jarida la Nature. Langmuir aliendeleza karai la namna hiyo, na mwaka 1932 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake kuhusu nyuso za vitu.

Hapo ndipo Katharine alipoongeza mchango wake. Molekuli za asidi ya mafuta husimama wima juu ya maji kama mabua ya mahindi shambani: upande mmoja unapenda maji, upande mwingine unayakimbia. Katharine alichovya kipande cha kioo polepole ndani ya maji yenye utando huo, akakitoa polepole vilevile. Kila kilipoingia au kutoka, safu moja ya molekuli ilishika kwenye kioo. Akirudia, safu nyingine ilikaa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo aliweza kujenga utando safu kwa safu, akijua idadi kamili ya safu zake.

Aligundua pia kwamba rangi ya utando hubadilika kadiri unene unavyoongezeka. Umeshaona rangi hizo kwenye povu la sabuni, au kwenye dimbwi la barabarani lililomwagikiwa petroli. Katharine alitengeneza kipimo chenye ngazi za rangi: ukilinganisha rangi ya utando wako na rangi ya kipimo, unajua unene wake. Kabla ya hapo, kupima kitu chembamba kiasi hicho kulihitaji vifaa vya gharama kubwa.

Safu 44 na kioo kisichoonekana

Kioo cha kawaida hakipitishi mwanga wote. Kila upande hurudisha takriban asilimia 4, kwa hiyo pande mbili zinapoteza karibu asilimia 8. Ndiyo maana usiku unajiona kwenye dirisha. Kwa dirisha hasara hiyo si kubwa. Lakini lenzi ya kamera au darubini ina vipande kadhaa vya kioo ndani yake. Mwanga ukipita nyuso 10, karibu theluthi moja inapotea njiani, na mwanga unaorukaruka ndani unafifisha picha.

Mwanga husafiri kama mawimbi. Ukiweka utando juu ya kioo, wimbi moja litarudi kutoka juu ya utando, na jingine litarudi kutoka chini yake, pale utando unapogusana na kioo. Utando ukiwa na unene wa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, wimbi la pili hutoka limechelewa kwa nusu wimbi. Kilele cha moja kinakutana na bonde la jingine, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Mwanga ambao ungerudi sasa unapita na kuendelea mbele.

Katharine alitumia aina ya sabuni yenye madini ya bariamu. Safu 44 zilifikia unene aliouhitaji, kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Lakini unene peke yake haukutosha. Utando ulipaswa pia kuupinda mwanga kidogo kuliko kioo kinavyoupinda. Kwa hiyo aliyeyusha na kuondoa sehemu ya asidi iliyokuwa ndani ya utando, ukabaki na nafasi ndogondogo tupu kama sifongo. Mwaka 1938 kampuni yake ilitangaza matokeo. Kioo chenye utando huo kilipitisha takriban asilimia 99 ya mwanga, na magazeti yakakiita kioo kisichoonekana.

Hakuwa peke yake katika safari hii. Lord Rayleigh, yuleyule aliyesaidia barua ya Agnes, alishaona katika karne ya 19 kwamba kioo kilichochakaa kidogo hupitisha mwanga zaidi kuliko kipya. Huko Ujerumani, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata njia yake mwaka 1935, lakini ikafanywa siri ya kijeshi.

Tatizo lilikuwa kudumu

Utando wa Katharine ulifanya kazi vizuri sana, ila ulikuwa laini. Ulitokana na sabuni, na ungeweza kufutika ukiusugua kwa kidole au kitambaa. Kwa majaribio ya maabara haikuwa shida. Kwa miwani ambayo mtoto anaivua na kuivaa mara kumi kwa siku, usingemaliza hata wiki.

Katika kipindi hichohicho, wanafizikia wawili wa chuo cha MIT, Hawley Cartwright na Francis Turner, walitumia njia nyingine. Waliweka kioo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakapasha moto chumvi za floridi mpaka zikawa mvuke, na mvuke huo ukatua juu ya kioo. Baadaye ikajulikana kwamba kioo chenyewe kikipashwa moto wakati wa kupakwa, floridi ya magnesiamu hushika kwa nguvu na kuwa ngumu. Utando wa aina hiyo ndio ulioenea kwenye lenzi za kamera na darubini.

Lenzi nyingi za miwani siku hizi ni za plastiki, na plastiki haiwezi kupashwa moto mkali. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka tabaka kadhaa. Kwanza wanaipa plastiki ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Juu yake huweka safu nyembamba kadhaa za kuzuia mng'ao. Mwisho huweka safu inayofanya maji na mafuta ya vidole yateleze. Zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele wako.

Miaka yake ya baadaye

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Katharine alifanya utafiti wa namna ya kuzuia barafu isigande kwenye mabawa ya ndege, na wa moshi mzito wa kuwaficha askari wasionekane na adui. Mwaka 1951 alipewa nishani ya Garvan, ambayo hutolewa kwa wanawake wanaofanya makubwa katika kemia, na mji wa Schenectady ukatenga siku moja ya Juni mwaka huo kumheshimu.

Hakuolewa. Alipenda bustani yake na aliigiza katika kikundi cha maigizo cha mjini. Alistaafu mwaka 1963 na kufariki nyumbani kwake tarehe 12 Oktoba 1979, akiwa na miaka 81. Njia yake ya kujenga safu moja juu ya nyingine bado inatumika katika maabara, na utando wa namna hiyo unaitwa kwa jina lake pamoja na la Langmuir.

Je, ulipie utando kwa miwani ya mtoto?

Sasa rudi kwenye swali la dukani. Utando unapunguza mwanga unaorudi, hasa usiku, mbele ya taa kali, na darasani ambako mwanga wa dirisha unampiga mtoto kutoka nyuma. Lenzi ngumu za plastiki hurudisha mwanga zaidi kidogo kuliko kioo cha kawaida, kwa hiyo utando unasaidia zaidi kwenye lenzi hizo. Pia watu wanaona macho ya mtoto vizuri, na hilo ni muhimu kwa mtoto anayeanza kuzungumza kwa kutazamana.

Lakini utando haurekebishi uoni. Hauponyi jicho na haupunguzi namba ya miwani. Hauchukui nafasi ya kinga dhidi ya miale mikali ya jua. Ulizia kinga hiyo peke yake. Utando unaodaiwa kuzuia mwanga wa bluu wa simu ni kitu kingine tena, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba unapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu:

1. Kwanza, mtoto apimwe na mtaalamu wa macho na apate namba sahihi.
2. Pili, fremu imkae vizuri puani na masikioni. Miwani inayobana au kuteleza haitavaliwa.
3. Tatu, lenzi ziwe za plastiki isiyovunjika kirahisi, kama polikaboneti, na ziwe na tabaka la kuzuia mikwaruzo.
4. Nne, kama bado una uwezo, ongeza utando wa kuzuia mng'ao. Uliza kama uko pande zote mbili za lenzi, na kama duka litakubadilishia ukibanduka mapema.

Usione haya kuchukua lenzi zisizo na utando. Mtoto mwenye lenzi sahihi za kawaida anaona vizuri. Mtoto anayesubiri nyumbani mpaka zipatikane fedha za utando haoni.

Jinsi ya kuutunza ili udumu

Utando wa leo ni mgumu kuliko sabuni ya Katharine, lakini nao una adui wake.

- Vumbi. Usifute lenzi ikiwa kavu. Vumbi ni mchanga mdogo, na ukisugua unakwaruza. Suuza kwanza kwa maji safi.
- Kitambaa kigumu. Pindo la kanga, shati la shule na karatasi ya chooni vyote huacha mikwaruzo. Tumia kitambaa laini cha miwani au pamba safi, na ukifue mara kwa mara.
- Dawa kali. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo linatosha. Usitumie spiriti, dawa ya kung'arisha nguo wala dawa ya kusafishia madirisha.
- Joto. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko utando ulio juu yake, kwa hiyo utando hupasuka nyufa ndogo kama udongo mkavu. Usiache miwani ndani ya gari juani, karibu na jiko, wala usiioshe kwa maji ya moto.
- Kuwekwa kifudifudi. Mfundishe mtoto kuivua kwa mikono miwili na kuiweka kwenye kasha, au mezani lenzi zikitazama juu.

Ukiona ukungu, madoa au mistari isiyotoka hata baada ya kuosha, utando umeharibika. Usijaribu kuukwangua. Hauwezi kurudishwa nyumbani; rudi dukani, kwa kuwa mara nyingi lenzi peke yake hubadilishwa na fremu ikabaki ileile. Usimwache mtoto na lenzi yenye ukungu, kwa sababu ataanza kuivua, na utadhani ni ukaidi.

Usisubiri

Mpeleke mtoto akapimwe macho ukiona anakaa karibu mno na televisheni au anasogeza daftari karibu na uso, anakunja macho ili aone mbali, anainamisha kichwa upande mmoja, au analalamika kichwa kumuuma baada ya kusoma. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba haoni vizuri, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Jicho moja likiwa dhaifu, ubongo huzoea kulipuuza, na matibabu hufaa zaidi yakianza mapema, hasa kabla mtoto hajafika miaka 7 hivi.

Ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho, hata kwenye picha ya simu tu, au jicho lililoanza kwenda upande, usipitie dukani kwanza. Nenda hospitali bila kuchelewa.